Bustani Niliyoogopa Kuikosoa

Siku moja ya ujana wangu siisahau, mwanangu, maana ndiyo iliyonifanya mkosoaji. Wenzangu wanakosoa vitabu na nyimbo. Mimi naandika gazetini kuhusu bustani za miji, hapa Iringa na kule Mbeya. Usicheke. Bustani ikichorwa vibaya kuna mtu analala njaa.

Siku hiyo mwalimu wangu, mbunifu wa mandhari, mzee wa Kibena asiyependa maneno mengi, aliniita niitazame bustani aliyoichora mwenyewe kwenye mteremko chini ya mji. Ilikuwa kiangazi. Juu kulikuwa na njia za vitofali, na maharusi wakipiga picha. Kuzunguka chemchemi alikuwa amepanda milingoti, ile mikaratusi inayokunywa maji mengi. Chini zaidi, bondeni, kulikuwa na vinyungu, zile bustani ambazo akina mama hulima mboga mvua zikishakwisha. Mwaka huo udongo wake ulikuwa umepasuka. Niliyaona yote, lakini kwetu nani anamkosoa mzee usoni?

Nikasifu vitofali. Nikasifu maua.

"We binti!" akanikatisha, na alikuwa amekasirika kweli. "Nimekuita unisifu? Hii niliichora kwa mvua za zamani, zile za kunyesha polepole wiki nzima. Hazipo tena. Sema, nimekosea wapi? Ukininyamazia, mama zako kule chini watakula nini?"

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, ingawa tulikwisha kusalimiana. Hofu bwana! Kisha nikamwambia kwamba milingoti inamaliza maji ya chemchemi, na vitofali vinaikusanya mvua yote na kuishusha kwa kishindo, inabomoa matuta ya watu.

Nikajua basi, nimefukuzwa. Akavua koti, akanipa nimshikie, akaenda kutafuta shoka.

Milingoti ile iliondoka yote, na baada ya misimu kadhaa mboga zilirudi bondeni.

Kwa hiyo nakuambia bila kusita: usiihukumu bustani wakati wa masika, kila kitu ni kijani. Nenda kiangazi, shuka mpaka maji yanapoishia, uwaulize wanaoishi huko. Hali ya hewa tumeiharibu wenyewe, kwa hiyo hata mchoro uliokuwa mzuri jana leo unataka kuangaliwa upya. Na kama unamheshimu aliyeuchora, mwambie angali na nguvu za kurekebisha.

Ipo bustani moja Mbeya, upande wa Mwanjelwa, niliyoisifu sana mwaka juzi. Kaitazame kiangazi hiki, uje unieleze. Mungu akupe ulimi usiotetemeka, na mimi anipe masikio.