Kaa wa Nahodha

Mwikwabe wa Nyangoto, kule Tarime, alikuwa mtu wa kujisifu, na hilo halikuwa siri hata kwa ng'ombe wake. Binti yake Veronika alipopata kazi kwenye meli ya watalii inayoondokea Mombasa, mzee alitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ni ofisa wa meli. Ukweli ni kwamba Veronika alitandika vitanda na kusugua vyoo vya abiria, lakini nani angekwenda baharini kuhakikisha?

Meli ile ilikuwa na utaratibu wake. Mfanyakazi aliyemaliza miaka mitatu bila kosa aliruhusiwa kumwalika mzazi mmoja asafiri siku saba, kwa dhamana ya jina lake. Mama yake Veronika, Boke, alikataa katakata. "Mimi maji ya karai yananitosha," alisema. Basi akaenda Mwikwabe, amevaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mwanawe mkubwa, akavuka mpaka pale Sirari akiwaaga hata watu asiowajua.

Huko melini alikula. Alikula asubuhi, akala mchana, akala jioni, na katikati yake kukawa na keki. Mezani alipangwa na Mama Honoratha, nesi mstaafu kutoka Bukoba aliyekuwa akisafiri na wanawe. Mama huyo hakuwa na simile. Siku ya tatu waliletewa kaa, naye akaonja kidogo na kusukuma sahani kando.

"Huyu amelala kwenye barafu tangu mwaka juzi," alisema. "Kaa ananunuliwa akiwa hai, anatembea. Hawa wenye meli wanatudanganya tu."

Mwikwabe hakuwahi kula kaa maishani mwake. Kwao kitoweo cha mwanaume ni nyama ya ng'ombe, na yule mdudu wa miguu kumi alimmeza kwa adabu tu. Lakini maneno ya Mama Honoratha yalimkaa. Usiku ule alijiuliza jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri Tarime angejiuliza: siku tatu anakula kwa watu, je, yeye ameleta nini?

Kesho yake alimkamata Veronika kwenye korido, akisukuma kigari cha mashuka.

"Mwenye nyumba hii ni nani?"

"Nahodha, Baba."

"Nimekula kwake siku tatu, sijamletea hata jogoo. Si atasema umezaliwa na mtu gani?"

Veronika alicheka, kisha akaangalia huku na huku na kuacha kucheka. "Baba, nakuomba. Usilete chakula chochote kutoka nje. Hapa ni kosa."

Mwikwabe aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Binti alikuwa na heshima zake. Ni mwenyeji gani asiyesema usijisumbue, njoo mikono mitupu? Ukimsikiliza mwenyeji ukaja mikono mitupu kweli, watakusema mpaka ukome. Mzee aliyasikia maneno ya binti yake kama alivyozoea kuyasikia Nyangoto tangu utoto, na hapo ndipo alipoanza kupotea.

Meli ilipotia nanga Unguja, alishuka na wenzake, akawaacha wapige picha milango, yeye akauliza njia ya soko la samaki. Alichagua kaa sita, wakubwa, magando yamefungwa kamba, macho yao yakimtazama kwa uadui. Wawili wa Mama Honoratha, wanne wa nahodha. Aliwaweka kwenye begi, chini ya koti, maana zawadi ya mkubwa haitembezwi wazi barabarani. Alirudi bandarini akitembea kama mtu aliyelipa mahari yote siku moja.

Kwenye mlango wa meli mabegi yalipita kwenye mashine. Begi lake lilipita, mashine ikasimama. Askari wa meli, kijana mweupe mwenye shati jeupe, alilifungua, akanyanyua koti, akaruka nyuma. Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kucheka na kutoa simu. Askari akasema maneno mengi ya Kiingereza kwa sauti kubwa, kisha akamwita Veronika, aliyekuwa pale pale mlangoni akigawa taulo za maji baridi.

"Anauliza nani ameleta hawa," Veronika alitafsiri. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Sasa huyu Mwikwabe alikuwa mtu gani? Alikuwa mtu aliyesimama mbele ya kisu cha jando na rika lake bila kupepesa jicho. Alikuwa mtu aliyefuata nyayo za wezi wa ng'ombe peke yake hadi mpakani, akiwa na upinde na mishale mitatu. Lakini pale, mbele ya simu zote zile na lugha asiyoijua, alinyanyua kidole. Akamnyooshea mwanawe.

"Amenituma huyu," alisema.

Veronika alimtazama baba yake. Hakumtazama muda mrefu. Kisha akamgeukia askari na kusema kitu kifupi kwa Kiingereza, na askari akatoa daftari akaandika jina lake.

Siku zilizobaki Mwikwabe hakwenda mezani. Alimwambia Mama Honoratha kwamba tumbo linamsumbua, naye akampa vidonge. Alipoagana na binti yake Mombasa alitaka kusema neno, akaishia kumuuliza kama amekula.

Wiki tatu baadaye Veronika alirudi Nyangoto na masanduku yake yote. Alisema amechoka na bahari. Boke alimwamini. Shangazi Efrazia, dada yake Mwikwabe, hakumwamini, na Jumapili baada ya kanisa, ukoo mzima ukiwa uani kwa chakula, alilitoa la moyoni.

"Mtu haachi kazi ya meli hivi hivi. Wamemfukuza. Ameiba huyu. Kaka, umemlea mwizi."

Veronika aliendelea kukata nyama. Hakuinua kichwa, wala hakujitetea, na Mwikwabe akaelewa kwamba hatajitetea kamwe, hata akizeeka na jina hilo. Aibu ilimpanda toka miguuni. Wazee wa rika lake walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukutani, na rafiki yake Ryoba alikuwa katikati yao, akimsubiri aoneshe yeye ni nani.

"Hakuiba," Mwikwabe alisema. "Mimi niliingiza kaa melini, wa kumpa mwenyeji. Alinikataza, nikaleta. Nilipokamatwa nilisema amenituma yeye. Akakubali."

Efrazia alishika kiuno. Ryoba aliinama mbele kwenye benchi, akamkazia macho kana kwamba hajawahi kumwona.

"Mwikwabe. Ulimsukumia mtoto? Kwa nini?"

Angeweza kusema ni lugha. Angeweza kusema ni sheria za Wazungu, na wale wazee wangemkubalia mara moja na kumwekea chakula. Aliivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya wanawake na wajukuu.

"Niliogopa," alisema.