Nilifunga Faili na Jina Lake Ndani

Mimi ndiye niliyekosa. Miaka hii yote nimetafuta wa kulaumu: vita, umeme wa Kalemie, hata kompyuta. Jamani, ni mimi!

Nina shahada ya chuo kikuu ambayo huitaja hata nisipoulizwa. Kazi yangu ni kuandika makala. Kutengeneza programu nilijifunza mwenyewe, na aliyejifunza mwenyewe hana wa kumzuia.

Wakati ule watu walikuwa wakikimbilia mjini kwetu Kalemie kutoka upande wa Nyunzu, vijiji vyao vikiwa vimechomwa. Jirani yangu, Mama Zaina, aliwaandika kwenye daftari ili ndugu waliopotezana wapatane. Nikamtengenezea programu kwa Java, lugha moja ya kompyuta: unaandika jina, inakuambia kama mtu huyo yu hai. Mahali alipo paonekane kwa Mama Zaina tu, kwa neno la siri.

Neno hilo la siri lilikuwa la kumlinda Mama Feza, mmoja wa waliokimbia. Aliwaona waliochoma kijiji chake, akawatambua. Sasa alijificha Mpala, kijiji cha kando ya ziwa, na kujiita Mama Neema.

"Binti yangu ajue tu niko muzima," alimwambia Mama Zaina. "Fasi niko, hapana." Yaani mahali alipo, asijue mtu.

Shida ilikuwa moja. Programu ya Java haifunguki kwenye kompyuta isiyo na Java, na kompyuta za misheni kando ya ziwa hazikuwa nayo, wala intaneti. Nikaamua kufunga vyote ndani ya faili moja: programu, Java yenyewe, orodha ya watu. Unabofya mara mbili, inafunguka. Nikaweka na jina langu kwa herufi kubwa. Hilo nililihakikisha mara nne!

"Papa Profesa," Mama Zaina aliuliza, "umeijaribu kwa mashini ya muntu mwingine?"

"Mama, hii ni sayansi, si mboga ya kuonja."

"Haya. Mimi mboga yangu naonja."

Tukacheka. Nikalinakili faili kwenye flashi, nazo zikapanda mtumbwi wa injini kwenda Zongwe, Mpala na Moba. Moja niliipeleka kwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na bandari. Hapa kwetu, flashi ikiingia pale, kilichomo hubaki kwenye mashine, na kila anayepita hujinakilia. Nilijua. Nilitaka sifa!

Wiki mbili baadaye, mchana, mwanaume nisiyemjua alisimama mlangoni pangu. Shati safi, adabu nyingi.

"Njo wewe Papa Profesa wa ile programu?"

"Ndiye mimi," nikasema, kifua mbele.

"Aksanti sana, Papa. Ndugu yangu nilimutafuta mwaka muzima. Nimemupata. Inaonyesha mpaka fasi."

Akanipa mkono, akaenda zake.

Mpaka fasi? Nikaingia ndani, nikabofya faili lile. Halikuniuliza neno la siri. Mungu wangu! Nilipokuwa nikijaribu programu nilichoka kuliandika neno hilo kila mara, nikaliondoa kwenye nakala moja. Nakala hiyo ndiyo niliyoifunga.

Nikaandika "Feza". Yakatoka majina yake yote matatu, na mbele yake: Mpala, nyuma ya misheni.

Nilikimbia kwa Mama Zaina. Simu ya Mpala haikupatikana siku ile, wala iliyofuata. Tukatuma ujumbe kwa mtumbwi. Jibu lilirudi fupi: Mama Neema ameondoka asubuhi na wanaume wawili, ndoo yake ya maji imebaki njiani. Walimwita kwa majina matatu, ambayo pale Mpala hakuna aliyewahi kuyasikia.

Mama Zaina hakunigombeza. Alisema tu, "Binti yake akikuja, utamujibu wewe."

Alikuja. Flashi yenye faili langu ilining'inia shingoni mwake.

"Papa, hapa inasema mama ni muzima, iko Mpala. Nimetoka kule. Sasa iko wapi?"

Nikaanzia kwenye neno la siri nililoliondoa.

Ninyi mnaotengeneza vitu hivi, nawasihi: kabla ya kulitoa faili lenu, lifungueni kwenye mashine ya mtu mwingine, kwa macho ya mtu mbaya. Likishatoka, halirudi. Langu mpaka leo linazunguka kando ya ziwa, jina langu juu kwa herufi kubwa, na chini yake bado linasema Mama Feza yu hai.