Alama Yangu kwenye Boksi la Binti

Kila robota linaloondoka Guangzhou huandikwa alama ya mwenyewe. Yangu ni herufi mbili na neno DAR, na nimeiandika miaka mingi kiasi kwamba mkono wangu hauniulizi tena. Ndiyo maana siku ile mkono uliandika mahali pasipostahili.

Katika stoo tuliyopanga wafanyabiashara kadhaa karibu na soko la Zhanxi, binti mmoja Mfilipino tunayesali naye ibada ya Kiingereza aliomba kuweka boksi lake, kwa kuwa ngazi za kwake ni nyembamba. Ni mwalimu wa chekechea, tena msanii. Alilelewa na bibi yake huko Manila, mama yake akifanya kazi za ndani nchi za watu na kuwatumia maboksi ya nguo na sabuni. Bibi alishafariki. Sasa binti alikuwa ametengeneza boksi kubwa kama yale, akalishonea mabaki ya vitambaa aliyookota kwenye karakana za ushonaji za mtaa wa Kangle, picha za zamani na vipande vya barua. Nilimwona mara nyingi akifumua mshono uliopinda na kuanza upya bila kunung'unika. Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, lakini subira ile niliitamani.

Upande mmoja aliuacha mtupu.

"Hapo ni pa anwani, babu," aliniambia. "Bado sijui niandike wapi."

Ilibaki siku moja alipeleke kwenye maonyesho ya sanaa, ya kwanza kabisa kumpokea. Siku hiyo nikawa naandika marobota yangu, nimeinama, sina miwani. Mama mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara mwenzangu, akaguta nyuma yangu.

"Mzee wee! Na hilo nalo laenda Kariakoo?"

Nikatazama. Herufi zangu mbili na DAR, nyeusi tii, kwenye ule upande mtupu. Nilisugua kwa spiriti mpaka nikaogopa kutoboa boksi. Nikaketi juu ya robota, nikaomba, nikamngoja binti.

Alipofika nilimwambia mwenyewe kabla hajaona. Alichuchumaa mbele ya boksi, akapitisha kidole juu ya herufi zangu.

"Kwa nini mnaandika hivi?" aliuliza.

"Ili mzigo ukifika, watu wangu wautambue hata kama mimi sipo."

"Hata kama hupo," alirudia. Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu, babu."

Chini ya DAR aliandika jina la bibi yake. Mji hakuandika.

"Bibi wa watu atazunguka Kariakoo nzima akiulizia mzigo," alisema mama wa Mombasa, na binti akacheka huku akifuta macho.

Kwenye maonyesho nilisimama pembeni na suti yangu ya kanisani. Mchina mmoja alielekeza kidole kwenye DAR, akauliza jambo, na binti akamjibu. Kichina changu ni cha kuulizia bei tu, nikataka kujua amesema nini.

"Nimemwambia huko ni kwa babu yangu."

Nilimshukuru Mungu palepale. Lakini tangu siku hiyo sishiki kalamu bila miwani.