Pilau ya Kikaoni

Nipo ndani ya hema, zipu nimefunga. Mume wangu yuko nje na mbu.

Sikilizeni.

Asubuhi tumetoka Fisksätra, mtaa wetu hapa Sweden, mimi na Baba Neema, kwenda kupiga kambi. Wazo lake! Huyu mtu Jumamosi hakosi kikao cha kamati ya harusi ya rafiki yake, na kila mara ananirudia na bakuli la pilau iliyobaki. Leo eti kaomba udhuru. Nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Njiani tukasimama kwenye ngome moja ya wafalme wa kale. Tunapanda mnara, ghafla ananivuta nyuma ya nguzo.

"Mama Neema, turudi garini. Kuna baridi."

Baridi, Julai hii?

Kuchungulia, namwona mwenyekiti wa kamati na mkewe wanapiga picha. Nikatoka kumsalimia.

"Mwenyekiti! Ndiyo nyie mnaonichukulia mume kila Jumamosi?"

Akashangaa. "Sisi tena? Shemeji, kamati si ilivunjwa tangu wakati wa theluji? Bwana harusi alighairi."

Nikamgeukia Baba Neema. Anaangalia dari.

"Ona mbao hizi," ananiambia. "Za zamani sana."

Mbao!

Sasa tuko kambini, anabembeleza nifungue zipu, aeleze. Asubiri. Jua la huku kiangazi halina haraka ya kuzama.

Ila nisaidieni, wenzangu.

Ile pilau niliyokuwa naisifia miezi yote hii, alikuwa anaipika nani?