Farasi wa Majani wa Mama Dolsoe

Walimwita Mama Dolsoe hata baada ya Dolsoe kufa. Ndui ilimchukua mwanawe huyo, ikamchukua na mdogo wake. Akabaki na Sunim, binti wa mwisho, uso laini kama yai lililomenywa.

Pale kijijini ndui haikutajwa kwa jina. Waliiita Mgeni. Mgeni akiingia, nyumba ilimwekea maji safi, na sindano zote zilifichwa, maana kushona ni kumchoma macho, naye hulipiza kwa mtoto. Mama Dolsoe alizificha zake mara mbili, na mara mbili alizika.

Mwaka ule Mgeni alikuwa kwa jirani, ng'ambo ya ua. Ndipo akaja Pak Mangil, mchanjaji wa serikali, uso wake umejaa mashimo.

"Hodi! Nimekuja kumchanja mtoto."

"Kwa sindano?" mama mkwe wa Mama Dolsoe akafoka kutoka barazani. "Mgeni yuko hapo tu, we unatuletea sindano? Hiyo sura yako haijakufunza?"

"Ndiyo iliyonifunza, bibi. Humu Mgeni alicheza ngoma mpaka akachoka."

"Basi kacheze naye huko mbali!"

Mangil akaondoka. Mama Dolsoe alikuwa jikoni, kata mkononi. Tangu aolewe hakuwahi kumbishia mama mkwe. Akamtazama Sunim. Akambeba mgongoni, akapita nyuma, akamwahi yule bwana kijitoni.

"Mchanje hapa. Hapa si nyumbani."

Haukupita muda, mkono wa Sunim ukatoa lengelenge moja, naye akapata homa kidogo. Mama mkwe akaliona. Mama Dolsoe akainamisha kichwa, akingoja matusi. Bibi aliangalia, akaangalia. Kisha akaenda kuchota maji safi, akayaweka mbele ya mtoto, akasujudu.

"Amekuja," akanong'ona. "Lakini kaja peke yake, lengelenge moja tu."

Mama Dolsoe naye akasujudu kando yake.

Kidonda kilipokauka, ilibidi Mgeni aagwe kwa farasi wa majani ya mpunga, wa kumrudisha kwao.

"Mgeni mwenyewe mdogo," bibi akamwambia mwanawe, "farasi mkubwa wa nini?"

Mume wa Mama Dolsoe akasuka farasi wa kukaa kiganjani. Wakamtwisha kipande cha mkate wa mchele, wakamwacha kijitoni, palepale.

Jirani walizika. Sunim hakuguswa.

Sasa Mama Dolsoe naye hayupo, amekufa mzee. Sunim ndiye aliyemwosha, na uso uliomwinamia ulikuwa bado laini.