Oili ya Papa Teava

"Humwagi," alisema Mama Nooroa.

Alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari lake, kanga ya pareu kaifunga kiunoni, miguu inaning'inia. Enua, mtoto wa kaka yake, fundi wa magari wa kijiji kizima cha Titikaveka, alisimama mbele yake na beseni tupu mkononi.

"Shuka, shangazi."

"Sishuki."

"Taa yenye alama ya spana imewaka wiki ya pili hii. Inakwambia oili imechoka, ibadilishwe."

"Na mimi nimechoka tangu hujazaliwa. Mbona hujanimwaga?"

Enua aligeuza ndoo, akaikalia. Ni mtu mnene, na ndoo ililia kidogo. Alimjua shangazi yake. Huyu ndiye aliyegombana na jogoo wa jirani miaka minne hadi jogoo akahama kijiji mwenyewe, na wanaobisha wakamuulize jogoo, yuko Arorangi.

"Oili hii aliiweka Papa Teava," akasema Mama Nooroa, safari hii taratibu.

Hilo Enua alilijua pia. Papa Teava, mume wa shangazi, aliimimina Alhamisi moja, akabonyeza kile kibonye ili gari lianze kuhesabu kilomita upya, akafutia mikono kitambaa cha meza cha Jumapili, akagombana kidogo na mkewe. Jumanne yake akalazwa kaburini pale mbele ya baraza, chini ya vigae vyeupe, kichwa kimeelekea mlimani. Tangu siku ile vitu vyake vimekuwa vikiisha kimoja kimoja. Sabuni yake iliisha. Jemu ya mapapai aliyoipika iliisha, na Mama Nooroa aliilamba chupa mpaka ulimi ukaumia. Harufu kwenye shati ilikwenda na mvua za Februari. Ilibaki oili. Ilikuwa mle ndani ya chuma, inazunguka gizani, hakuna aliyeigusa ila yeye.

"Basi nieleze jambo moja," Enua akasema. "Kwa nini watu wanasema unaendesha kinyume?"

"Watu gani?"

"Dereva wa basi. Anasema amekutana nawe uso kwa uso mara tano siku moja. Wewe na marehemu miaka arobaini mmezunguka kisiwa kwa mwendo wa mishale ya saa, kanisani, sokoni, hata kwenda kwa jirani wa nyuma mlizunguka kisiwa kizima. Leo umegeuka?"

Mama Nooroa alitazama kucha zake.

"Nilikuwa nazikunjua," alisema.

"Unakunjua nini?"

"Kilomita."

Enua hakucheka. Alikuwa na mama yake mwenyewe nyumbani.

"Zilijikunja kwa mwendo wa mishale ya saa," Mama Nooroa alieleza, kama mtu anayemweleza mjinga habari ya uzi na kigurudumu. "Elfu tano, ndipo taa ikawaka. Nikasema, nikienda upande wa pili zitajikunjua. Zikifika sifuri taa itazima yenyewe, oili itakuwa mpya kama alivyoiacha."

Alikuwa amezunguka mara kumi na tisa. Bahari, ambayo maisha yake yote ilikaa kushoto kwake kama mume kitandani, ilihamia kulia. Kisiwa kiligeuka kama nguo iliyovaliwa ndani nje, na mishono yake yote ikaonekana. Milima ilimjia kwa migongo. Mbwa wa kijiji cha Muri waliomjua tangu wakiwa watoto walimbwekea. Alipita watu wakifagia majani, na alipopita tena ilionekana kwake majani yanarudi mtini na watu wanafagia uwanja mtupu. Mzunguko wa saba, aliona watoto wa shule wafupi kuliko jana. Wa kumi na mbili, mshelisheli ulioangushwa na kimbunga ulikuwa umesimama, au ulikuwa mwingine, yeye hakupunguza mwendo kuuliza. Alianza kuendesha pole pole sana, na kila kona alishika usukani kwa mikono miwili, kwa sababu kona mojawapo kati ya hizo ilikuwa Alhamisi ile. Angemkuta Papa Teava pembeni ya barabara na kofia yake ya ukili, amekasirika kwamba amecheleweshwa. Alikuwa hata ameliondoa kapu la maua kwenye kiti cha mbele, apate pa kukaa.

"Zilirudi?" Enua akauliza.

"Ziliongezeka."

"Mita haijui kulia wala kushoto, shangazi. Inajua kwenda tu."

"Nimeshaiona tabia yake."

Enua alikuna shingo. "Naweza kuizima bila kumwaga. Nabonyeza kibonye kile, nahesabu mpaka tatu. Hutaiona tena mpaka elfu tano nyingine."

Mama Nooroa alinyanyua kichwa. "Na oili inabaki?"

"Inabaki. Taa itadanganyika. Injini haitadanganyika. Labda ufike Krismasi, halafu itajisaga yenyewe kwa yenyewe, na gari tutalikokota kwa kamba mpaka nyuma ya nyumba, kuku watagie."

Chini ya Mama Nooroa bati la boneti lilikuwa na joto, maana asubuhi alitoka tena, mzunguko wa kumi na tisa. Aliligusa kwa kiganja. Kiti cha dereva bado kilikuwa na shimo la makalio ya Papa Teava, kubwa, yeye hukaa ndani yake na mto. Gari lenyewe lilikuwa la Papa Teava pia. Kumbe alikuwa analinda kikombe kimoja cha mtu huku nyumba ya mtu huyo inaungua.

Akateleza, akatua chini.

"Lete hiyo spana."

"Nafanya mimi. Utachafuka."

"Nimezaa watoto saba, Enua. Habari za kuchafuka unisimulie wewe?"

Alitandika mkeka, akaingia chini ya gari chali, na Enua akamfuata kwa upande wa pili akipumua kama kiboko aliyezeeka. Alimwonyesha nati ya kumwagia oili. Ilikuwa imekazwa kwa mkono wa mtu mwenye nguvu. Mama Nooroa aliisukuma, akaitukana kwa jina la mumewe, akaisukuma tena, ikaachia. Oili ilitoka nyeusi, laini, ikampita kwenye vidole na kuteremka mpaka kiwikoni. Hakuuondoa mkono.

"Enua."

"Naam."

"Ni ya moto."

"Si umetoka kuendesha."

"Najua." Iliendelea kumpita. "Siku ile alipomaliza kuimimina aliniita. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kile kitambaa, nikajifanya sisikii. Akaniita tena, nikatoka na uso wangu huu. Akaniambia, Nooroa, hii oili mimi—"

Viatu vyeupe vilisimama kando ya gurudumu.

"Kia orana, wenyewe," ilisema sauti ya mchungaji wa kanisa lao kutoka juu. "Naona miguu tu. Kuna mtu hapo?"

Mama Nooroa akalirudisha neno la mumewe ndani, lisije nalo likamwagika.