Jina Lililomkaa Biubwa Kooni

Biubwa binti Zahoro alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto wake huko Kongowe. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hata akiletewa sahani ya ubwabwa, huuliza kwanza nani kafa. Alipohitimu ualimu na kuolewa Chole, upande wa Kisarawe, alihama na wasiwasi wake pamoja na sanduku la bati. Wewe usifikiri ndoa iliupunguza. Ndoa ilimwongezea baba mkwe.

Si kwamba mkwe mwenyewe alikuwa mbaya, la. Mzee Mwinjuma, baba wa mumewe Hemedi, alikuwa mkulima wa mihogo, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha na masihara yasiyoisha vilevile. Shida haikuwa yeye, ilikuwa jina lake. Kwa watu wa huko, mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, awepo asiwepo. Atasema "baba," au "mzee wetu," basi. Akilitamka jina ni kama amemvua nguo mbele za watu, na watu wa Chole hawana haraka ya kusahau. Biubwa, pamoja na kusoma kwake kote, aliishika adabu hiyo kuliko wanawake wasiojua hata alifu. Darasani mwake alikuwamo mtoto mmoja aitwaye Mwinjuma. Alipoita majina asubuhi, huyo alimwita "Babu," na mtoto akaitika bila kinyongo, akiwa bado na meno ya utoto.

Mambo yakaenda hivyo mpaka vilipoletwa vitabu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko bomani. Ofisi ya elimu ilikuwa ikipeleka shuleni vijitabu vyembamba vya watoto, habari za watu mashuhuri wa zamani: malkia wa nchi ya mbali, baharia aliyezunguka dunia, mama mmoja aliyewauguza askari vitani. Watoto walivipenda mno. Baharia walimwonea gere, mwuguzi wakamlilia, na malkia walimwigiza wakati wa mapumziko, wamevaa majani ya mgomba kichwani. Biubwa aliwasomea kwa sauti yake nzuri, kisha wao wakafuatisha, sentensi kwa sentensi. Saa ile ya kusoma ndiyo pekee ambayo wasiwasi wake ulitoka nje kumsubiri.

Kisha kikaja kijitabu kipya, na safari hii mtu mashuhuri hakutoka ng'ambo. Alitoka papo hapo Chole. Karani mmoja alikuwa amepita vijijini akiwahoji wazee, akaandika habari za mtu aliyewakusanya wenzake mwaka wa njaa, visima vyote vimekauka, wakachimba bondeni kwa jembe la mkono mpaka maji yakatoka. Mtu huyo alikuwa babu wa baba mkwe wa Biubwa. Na kama ilivyo desturi, mjukuu alirithishwa jina la babu. Kwenye jalada palichorwa mtu na jembe begani, na juu yake kwa herufi kubwa: MWINJUMA MCHIMBA KISIMA.

Biubwa alikitia kitabu kwapani kama mtu aliyeficha nyama ya wizi.

Angefanyaje? Kutokisoma hakuwezi, vitabu vya ofisi husomwa. Kulitamka jina pia hakuwezi. Akapata hila: kila alipofika penye jina, alisoma "Babu Mkwe." Watoto, ambao wengi wao walisoma kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, wakafuatisha kwa moyo mmoja. Babu Mkwe akachukua jembe. Babu Mkwe akawaambia wenzake, msikate tamaa. Muda si muda ukapita mbele ya shule ukawasikia wakiimba Babu Mkwe. Mtu akijipongeza kwa hila kama hiyo, ajue mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ukingo wenyewe ulikuja na mwalimu mkuu, Mwalimu Lucian, aliyemkuta akifuta ubao.

"Bi Biubwa, mkaguzi anakuja wiki ijayo, Bwana Nikolaus. Mwaka wako wa majaribio umekwisha. Atakusikiliza ukifundisha, kisha aamue kama unathibitishwa."

"Nitawasomea kitabu cha mwuguzi," Biubwa akasema haraka.

"Cha mwuguzi mpaka mbuzi wa hapa wanakijua. Ametaka kile kipya. Nimewaalika na wazazi. Baba mkwe wako nitamweka mbele kabisa, maana kitabu ni cha ukoo wao."

Biubwa akamweleza shida yake. Mwalimu Lucian, mtu wa parokia na mgeni wa sehemu zile, alisikiliza kwa huruma, akajikuna kidevu.

"Sasa nimwambie nini mkaguzi?" akauliza. "Kwamba mwalimu wangu ana neno moja asiloweza kusoma?"

Hapo ndipo Biubwa alipoona shimo lilivyo refu. Asipothibitishwa, ataondolewa. Na haikuwa yeye peke yake. Alipofika Chole, darasani hapakuwa na msichana hata mmoja. Wazazi waliwaleta mabinti zao kwa sababu mwalimu ni mwanamke, tena mke wa watu, mwenye adabu zake. Akiondoka yeye, wasichana wale wataondoka naye, warudishwe kutwanga. Lakini akilitaja jina la mkwe mbele ya kijiji, ile adabu yenyewe iliyowaleta itakuwa imekwisha, na wazazi watawatoa vilevile. Aligeuza huku, akageuza kule, akaona kote ni hasara.

Mara kadhaa alitaka kumwambia mzee mwenyewe. Jioni ya kuamkia siku ya mkaguzi alimpelekea uji, akapiga magoti, akaamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeikunjua kanzu yangu? Kesho nakwenda kumsikia babu akisomwa kama mfalme." Akacheka, kikohozi kikamkatiza, akashika kifua mpaka kikapita. Siku zile kikohozi kilikuwa kimezidi. "Sikujua kama nitaishi kuliona hilo."

Biubwa akasema kanzu iko tayari. Zaidi ya hapo ulimi ulikataa. Utaanzaje kuzungumza na mkwe juu ya jina la mkwe?

Kesho yake darasa lilijaa mpaka madirishani. Mzee Mwinjuma aliketi mbele, kanzu nyeupe, fimbo kati ya magoti. Bwana Nikolaus alikuwa mtu mrefu mkavu, asiyecheka ovyo. Alikiinua kitabu juu, akawauliza watoto:

"Kitabu hiki kinahusu habari za nani?"

"Babu Mkwe!" darasa zima likajibu.

Wazazi wakaangua kicheko. Mkaguzi alilitazama jalada, akawatazama watoto, kisha akamtazama mwalimu wao. Biubwa alitamani ardhi impasukie.

"Bibi mwalimu," mkaguzi akasema, "hebu soma."

Akasoma. "Hapo zamani, katika nchi ya Uzaramo, palikuwa na mtu jina lake..." Akakwama. Hila ya Babu Mkwe isingefaa tena, na nyingine hakuwa nayo. Watu wa dirishani wakasukumana wapate kuona.

"Mwinjuma," ikasema sauti mbele.

Alikuwa mzee mwenyewe. Hakuinua macho, alilisema tu, kama mtu ampaye mwenzake chumvi. Biubwa akavuta pumzi, akaendelea. Alipofika tena penye jina akanyamaza, na mzee akalitia mahali pake. Wakaenda hivyo, yeye sentensi, mkwe jina. Kisima kikachimbwa, maji yakatoka, wanawake wakapiga vigelegele ndani ya kitabu na nje ya kitabu. Kwa mara ya kwanza tangu kitabu kile kiletwe, moyo wa Biubwa ulitulia.

Ukurasa wa mwisho ulipobaki, mkaguzi akainua mkono.

"Mpaka hapa nimevumilia. Huu usome mwenyewe, wote. Siwezi kuandika kwamba mwalimu anajua kusoma, nami nimemsikia kwa kinywa cha mtu mwingine."

Biubwa akafunua. Sentensi ilikuwa moja tu chini ya picha, na alikuwa ameisahau. Ilianza: Mwinjuma alikufa.

Si jina tu sasa. Atamke kwa kinywa chake, mbele ya kijiji, kwamba mkwe wake amekufa, na mkwe mwenyewe ameketi pale ameshika kifua? Atakapokohoa kesho, watu watasema nani kamwapiza? Na yeye mwenyewe, atajisemeaje? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Akakifunga kitabu.

"Siwezi, bwana. Andika utakavyo."

Bwana Nikolaus akafungua kalamu yake. Nyuma, mama mmoja alimvuta bintiye karibu. Biubwa aliona, na machozi yakamlenga.

Mzee Mwinjuma akajikongoja, akasimama.

"Bwana mkaguzi, ngoja kidogo. Huyu si kwamba hajui kusoma. Ananistahi." Akamgeukia mkwewe. "Kimesemaje, mwanangu, hicho kitabu?"

Biubwa akatikisa kichwa.

"Kimesema babu alikufa?"

"Ndiyo, baba," akanong'ona.

"Basi hakikusema uongo. Mazikoni nilikuwapo, nikiwa mtoto, nikalishwa ubwabwa." Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Nimekufungulia kinywa leo, mbele ya hawa wote. Atakayekusema, aje aniulize mimi. Soma, wasichana hawa wanakungoja."

Biubwa akakifunua tena kitabu. Akalitazama neno lile ambalo hakuwahi kulitia mdomoni tangu aolewe, akafumba macho, akayafumbua.

"Mwinjuma alikufa akiwa mzee sana," akasoma, "na watu wakamzika karibu na kisima alichokichimba."

Mkaguzi akainamisha kichwa, akaandika, akatia sahihi. Mwalimu Lucian, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akatabasamu. Biubwa hayo hakuyaona. Alikuwa amemkazia macho baba mkwe, akingoja kuona kinywa chake yeye kimemfanya nini. Mzee alikuwa bado amesimama, ameegemea fimbo.

"Naam," akaitika. "Nipo, mwanangu."